Pampu ya Mafuta Imekufa Tena: Namna ya Kumfanya Wakala Atafute Chanzo

Gari lililobadilishiwa pampu ya mafuta mara mbili na bado linazimika halihitaji pampu ya tatu. Linahitaji mtu akae nalo apime. Tabu ni kwamba kazi za dhamana karakanani huenda kwa muda uliopangwa na kiwanda: saa kadhaa za kufungua tangi na kufunga kifaa kipya zinajulikana, lakini muda wa kutafuta chanzo huwa mfinyu. Fundi anaona msimbo wa presha ndogo (namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari), anafunga pampu, gari linawaka, karatasi inafungwa. Baada ya wiki chache mwenye gari yuko barabarani tena, kofia ya injini juu.

Kwa hiyo ukirudi kwa wakala, yaani karakana iliyoidhinishwa na kiwanda, usiende kuomba pampu. Nenda kuomba vipimo na sababu, vyote kwa maandishi. Hatua zinazofuata zinakuonyesha namna ya kufanya hivyo, lakini kwanza yafahamu yanayoua pampu, kwa sababu mtu asiyeyajua hukubali jibu lolote.

Kwa nini pampu mpya inakufa upesi

Pampu ya umeme hukaa ndani ya tangi, imezama kwenye mafuta, na mafuta hayohayo ndiyo yanayoipoza. Chini yake pana chujio la wavu, na juu ya kifuniko cha tangi pana soketi ya nyaya.

Soketi hiyo ndiyo ya kushukiwa kuliko vyote. Pini zikiota kutu au zikilegea hupata moto, plastiki inabadilika rangi, na volti zinapotea njiani. Injini ikiwa inanguruma, pampu inatakiwa ipate kama volti 13.5, ikipata 10 au 11 itazunguka kivivu na presha itashuka unapopanda mlima au kupita gari jingine. Sasa angalia kinachotokea gereji: fundi anachomoa soketi ile, anafunga pampu mpya, anachomeka tena. Kule kuchomoa na kuchomeka kumesugua pini zikang'aa kidogo. Gari linapona kwa wiki kadhaa, sifa inaenda kwa pampu mpya, kisha kutu inarudi. Ugonjwa wa kurudiarudia mara nyingi huanzia hapo, au kwenye waya wa ethi, unaorudisha umeme, uliofungwa kwenye bodi na boliti yenye kutu.

Cha pili ni uchafu tangini. Pampu ya kwanza ilipokufa huenda iliacha vumbi la chuma na vipande vya plastiki. Tangi lisipooshwa, chujio la wavu la pampu mpya linaziba, pampu inavuta kwa shida, inapiga kelele kama mluzi, na inaungua.

Cha tatu ni rilei (swichi ya umeme ya pampu), au moduli, yaani kompyuta ndogo inayoendesha pampu. Hizi huleta ugonjwa wa joto: gari linazimika likiwa limechemka, unasubiri dakika 20 au 30, linawaka kana kwamba halikuwa na kitu. Lakini kihisi cha kranki, kinachoijulisha kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka, kikichoka nacho huleta dalili ileile, na pampu nyingi nzima zimetupwa kwa kosa lake. Kwenye magari mengi utofauti uko kwenye dashibodi: piga stata gari likiwa limegoma, utazame mshale wa mizunguko ya injini. Ukilala sifuri kabisa wakati injini inazungushwa na stata, mwambie fundi aangalie kihisi cha kranki kabla ya kugusa tangi.

Yapo na mengine. Njia ya kupumulia tangi ikiziba, pampu inavuta huku tangi likijinyonga. Fungua kifuniko cha mafuta, ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu na gari likapona, umekipata chanzo. Kifaa cha kufuatilia gari au alamu iliyofungwa kwa kukata waya wa pampu huacha kiungo dhaifu hapo ilipokatwa. Na tabia ya kuendesha tangi likiwa karibu tupu kila siku huinyima pampu kitu cha kuipoza.

Mwisho, pampu yenyewe inaweza kuwa na dosari ya kuzaliwa. Mwaka 2020 Toyota ilianza kurudisha mamilioni ya magari, na Honda nayo ikarudisha ya kwake, kwa sababu ya pampu zilizotengenezwa na Denso: kigurudumu cha plastiki kinachosukuma mafuta ndani ya pampu kiliweza kunyonya mafuta, kuvimba na kukwama. Kama gari lako liko kwenye kundi la namna hiyo na umefungiwa pampu ya toleo lilelile la zamani, itakufa tena hata nyaya zikiwa safi.

Hatua ya 1: Andika kila tukio, siku ileile

Daftari dogo au simu vinatosha. Kila gari linapozimika au kukosa nguvu, andika tarehe na saa, kilomita zilizo kwenye dashibodi, kiasi cha mafuta tangini, injini ilikuwa ya moto au baridi, jua au mvua, ulikuwa unapanda mlima, umesimama au unakimbia kilomita ngapi kwa saa, lilichukua dakika ngapi kuwaka tena, na taa ya injini iliwaka au la.

Kiasi cha mafuta kina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Gari linalogoma tangi likiwa robo tu linamweleza fundi habari tofauti na lile linalogoma popote.

Piga video. Anza kabla hujafungua swichi, simu ikiwa karibu na kiti cha nyuma au kifuniko cha mafuta. Magari mengi yakifunguliwa swichi, pampu husikika ikinguruma sekunde mbili hivi kisha kunyamaza. Ikiwa kimya siku ambayo gari limegoma, na inasikika siku nyingine, video hiyo moja inazidi maelezo ya nusu saa.

Kisomeo kidogo cha misimbo kinachounganishwa na simu ni msaada mzuri. Misimbo inayohusiana zaidi ni P0087 (presha ya mafuta kwenye reli, bomba linalogawia injini mafuta, iko chini), P0171 (mchanganyiko una mafuta machache), P0230 na P0627 (saketi ya umeme ya pampu). Piga picha ya msimbo pamoja na kumbukumbu zilizoganda nao: joto la injini, mwendo na mzigo wakati hitilafu ilipotokea. Kisha usifute kitu. Wala usichomoe betri ukielekea kwa wakala, maana kumbukumbu hizo hupotea nawe utaambiwa, "Hatukuona kitu."

Hatua ya 2: Tafuta namba ya chesisi na uulize maswali mawili tofauti

Swali la kwanza: je, kuna wito wa kiwanda wa kurudisha magari unaohusu namba hii ya chesisi? Wito wa usalama hufanyiwa kazi bila malipo hata kama gari limepita mikononi mwa watu watatu, na kwa kawaida hata dhamana ikiwa imekwisha.

Swali la pili: je, kuna taarifa ya kiufundi iliyotumwa kwa karakana kuhusu dalili hizi? Hii si wito. Ni maelekezo ya kiwanda kwa mafundi: ukiona dalili fulani kwenye modeli fulani, badilisha kifaa chenye namba fulani, au sogeza waya fulani. Hutengenezwa bure endapo dhamana bado ipo. Wapokeaji wengi hawaitaji wasipoulizwa, kwa hiyo iulizie kwa jina hilo: taarifa ya kiufundi ya kiwanda.

Tovuti nyingi za kukagulia wito zinataka namba yenye herufi na tarakimu 17. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi zaidi, na tovuti za nchi nyingine hazitaitambua. Usichukulie hilo kuwa "hakuna wito"; itafute kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa Japani.

Soma na kitabu cha dhamana. Tafuta mambo matatu: dhamana inaisha tarehe gani au kilomita ngapi, kifaa kilichofungwa chini ya dhamana kinalindwa kwa muda gani, na masharti ya huduma. Kisha kusanya risiti za sevisi na za mafuta kwenye bahasha moja. Kama kuna alamu au kifaa cha kufuatilia kilichofungwa nje, mwombe aliyekifunga akuonyeshe kimeunganishwa wapi. Kikiwa kimekata waya wa pampu, arudishe waya ule kwa kuuchomelea vizuri kabla gari halijaenda. Ukikiacha, hiyo ndiyo sababu ya kwanza utakayopewa ya kukataliwa dai lako, na mara nyingine watakuwa na haki.

Hatua ya 3: Mapokezi

Hapa ndipo kesi nyingi hupotea, kwa neno moja. Ukisema "pampu ya mafuta imekufa," mpokeaji ataandika "kagua pampu." Fundi ataikagua, ataikuta inafanya kazi siku hiyo, na karatasi itarudi safi. Eleza dalili, si kifaa. Na dalili ya hatari itangulie, kwa sababu gari linalozimika kwenye mwendo ni suala la usalama: usukani unakuwa mzito na breki hubaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu.

Maneno kama haya yanatosha:

"Ndugu, naomba uandike hivi: gari linazimika ghafla likiwa kwenye mwendo, injini ikiwa moto, mafuta yakiwa chini ya nusu. Limefanya hivyo mara nne tangu tarehe hii. Pampu ilibadilishwa hapa tarehe hii na hii. Naomba chanzo kitafutwe, na vipimo viandikwe kwenye karatasi ya kazi."

Usisaini mpaka umesoma alichoandika. Kama ameandika "gari lina shida ya mafuta," mwombe kwa upole arekebishe mbele yako. Chukua nakala, au ipige picha.

Omba fundi mwenyewe, tena yule mkubwa, aende nawe barabarani kwenye njia na mwendo unaoleta tatizo. Kama tatizo ni la asubuhi, acha gari lilale pale ili liwashwe likiwa baridi kabisa. Na usijaze tangi kabla ya kulipeleka. Liache kwenye kiwango kilekile linapogomea.

Hatua ya 4: Vipimo vya kudai

Si lazima uvifanye mwenyewe, na gari likiwa kwenye dhamana usifungue bomba la mafuta kamwe: mafuta yana presha, yataruka, na dai lako litaharibika. Kazi yako ni kujua majina ya vipimo ili uulize matokeo.

*Presha.* Injini nyingi za petroli zenye injekta (vinyunyizio vya mafuta) za kawaida hutaka kati ya PSI 40 na 60, PSI ikiwa kipimo cha presha. Namba kamili iko kwenye kitabu cha ufundi cha modeli yako, na fundi anatakiwa aiandike kando ya aliyoipata. Ipimwe swichi ikiwa imefunguliwa, injini ikinguruma pale pale, na gari likiwa barabarani chini ya mzigo. Kipimo cha tatu ndicho kinachorukwa, na ndicho chenye jibu. Pampu mgonjwa hupendeza sana gari likiwa limesimama.

*Kushikilia presha.* Baada ya kuzima, presha isiporomoke mara moja. Ikishuka haraka, valvu ya kuzuia mafuta yasirudi imelegea au injekta inavuja, na ndiyo maana unapiga stata muda mrefu asubuhi.

*Kiasi cha mafuta.* Presha inaweza kuwa sawa huku mafuta yanayopita ni machache. Kwa kipimo cha jumla, pampu ya petroli ya gari dogo itoe angalau kama nusu lita ndani ya sekunde 30.

*Kupotea kwa volti.* Hiki ukikubaliwa kimoja tu, omba hiki. Kinapimwa kwenye soketi ya pampu, pampu ikifanya kazi. Tofauti kati ya betri na pini ya pampu isizidi nusu volti hivi, na upande wa ethi iwe ndogo zaidi, kama volti 0.2. Kupima soketi ikiwa imechomolewa hakusaidii, kwa sababu waya mbovu huonyesha volti 12 kamili mpaka upewe mzigo. Ila kwenye magari ambayo moduli hubadilisha kasi ya pampu kwa kukatakata umeme, multimita ya kawaida itaonyesha volti pungufu hata kama kila kitu ni kizima. Hapo fundi atumie osiloskopu (kifaa kinachochora umeme kwenye skrini) au mashine ya kiwanda.

*Umeme unaovutwa.* Pampu nyingi za tangini huvuta ampea 4 hadi 8. Zikizidi sana, pampu inakwama au chujio limeziba. Zikipungua sana, waya una upinzani.

Kwa injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kuna pampu mbili: ya tangini, na nyingine ya presha kubwa inayosukumwa na kamshafti, mhimili unaofungua valvu za injini. Msimbo P0087 unaweza kuletwa na yoyote kati yao. Uliza presha za pande zote mbili, na uliza kama kisukumio kati ya kamshafti na pampu kimekaguliwa kama kimelika. Oili ikinuka petroli au kiwango chake kikipanda, pampu ya juu inavuja kuingia ndani ya injini.

Dizeli ni habari nyingine kabisa. Pampu ya presha kubwa ikijisaga yenyewe, kama ilivyotokea kwenye pampu nyingi za Bosch aina ya CP4, vumbi la chuma huenea kwenye reli, nozeli, mabomba na tangi. Kubadilisha pampu peke yake hapo ni kuiua ile mpya. Dai mfumo mzima ukaguliwe na chujio la mafuta lifunguliwe mbele yako; ukiona unga unaong'aa, vyote vilivyoguswa na mafuta hayo vinahusika.

Wakisema mafuta yako ni machafu

Jibu hili hutolewa sana, na mara nyingine ni kweli. Usibishane, omba sampuli. Itolewe tangini mbele yako, lita moja kwenye chupa safi ya kioo, iachwe itulie. Maji huzama chini na kujitenga kwa mstari unaoonekana, na takataka nazo hushuka. Omba chupa mbili zenye lakiri na saini za pande zote, moja ibaki kwako. Kisha uliza: tangi limeoshwa? Kama waliona uchafu mara ya kwanza, wakafunga pampu mpya juu ya uchafu uleule, hiyo ni kazi ambayo haikumalizwa.

Hatua ya 5: Kuchukua gari

Karatasi ya kufungia kazi iwe na malalamiko yako, vipimo, chanzo kilichopatikana, namba za vifaa vilivyofungwa, kilomita za kuingia na kutoka. Linganisha namba ya pampu mpya na ya zamani. Herufi au tarakimu za mwisho zikiwa zimebadilika, kwa kawaida ni toleo jipya. Zikiwa zilezile kwenye gari lenye wito, uliza kabla hujaondoka.

Omba kuona pampu ya zamani. Chini ya dhamana kiwanda mara nyingi huitaka irudishwe, kwa hiyo ipige picha: pini, chujio la wavu, lebo. Weusi kwenye pini ni ushahidi kwamba soketi nayo ilitakiwa ibadilishwe.

Na wakikuambia hawakuona tatizo? Iandikwe hivyohivyo. Watu hukasirika, wanachukua ufunguo na kuondoka bila karatasi, na safari hiyo inakuwa kana kwamba haikutokea. Karatasi isemayo "hatukuona hitilafu" bado inathibitisha kwamba ulileta gari kwa tatizo hilo, tarehe hiyo, ndani ya dhamana. Dhamana ikiisha mwezi ujao, ndiyo itakayokuokoa.

Hatua ya 6: Likirudia tena

Acha kuongea na mapokezi. Mwandikie meneja wa karakana, na siku hiyohiyo fungua malalamiko kwa ofisi ya huduma kwa wateja ya mtengenezaji, upate namba ya shauri. Barua iwe fupi:

*Kwa Meneja wa Karakana,*

*Yah: Gari namba ya chesisi ………, kuzimika barabarani kunakorudia*

*Gari tajwa limeletwa kwenu tarehe …, … na … kwa tatizo moja: kuzimika likiwa kwenye mwendo. Pampu ya mafuta imebadilishwa mara … Tatizo limerudi tarehe …, likiwa na kilomita … Nakala za karatasi za kazi, picha za misimbo na video zimeambatishwa.*

*Naomba: (1) vipimo vya presha chini ya mzigo na kupotea kwa volti kwenye soketi ya pampu, kwa maandishi, (2) soketi, ethi, rilei na tangi vikaguliwe, (3) mhandisi wa mtengenezaji ahusishwe, (4) gari la kutumia wakati wa matengenezo. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14.*

Ombi la tatu ndilo lenye nguvu. Watengenezaji wakubwa wana wahandisi wanaozunguka kwenye karakana za mawakala kwa kesi sugu, na karakana inaweza kufungua shauri la kiufundi kiwandani. Fundi akishafungua shauri hilo, hutakiwa kutuma vipimo, na ndivyo vinavyofanyika hatimaye.

Dhamana ikiwa imekwisha lakini tatizo lilianza ndani yake, omba kiwanda kigharamie au kichangie, ukiambatisha karatasi ya kwanza kabisa. Mwenye rekodi ya sevisi iliyokamilika husikilizwa zaidi.

Wakikataa, tafuta fundi huru mwenye vifaa vya kupima, umlipe kwa ripoti tu, asifungue wala kubadilisha kitu. Ripoti hiyo na bahasha yako ipeleke kwenye chombo cha kulinda walaji cha nchi yako. Sheria zinatofautiana: Uingereza, sheria ya haki za mlaji ya 2015 humpa muuzaji nafasi moja ya kurekebisha, ikishindikana mnunuzi anaweza kulikataa gari au kudai punguzo la bei, Marekani kila jimbo lina sheria yake, na nyingi huhesabu mara ambazo tatizo lilelile limejaribiwa kutengenezwa au siku gari lilizokaa karakanani. Kote huko kinachohesabiwa ni karatasi zenye tarehe.

Wakati unasubiri, usiliingize gari hilo kwenye barabara ya mwendo kasi. Likizimika, washa taa za hatari, elekea pembeni ungali na mwendo, kisha kanyaga breki mara moja kwa nguvu na uishikilie badala ya kuipigapiga, na usizime swichi mpaka gari lisimame, kwani usukani unaweza kujifunga.